Siri ya Serikali Inapovuja, Nani Analipa?

Julai 17, 2013 gazeti la Mwananchi lilichapisha viwango vipya vya mishahara ya watumishi wa umma Tanzania. Kichwa cha habari hakikuwa na makeke: "Mishahara mipya serikalini 2013". Septemba 27 mwaka huohuo serikali ikalifungia gazeti hilo siku 14, ikitaja habari hiyo pamoja na nyingine iliyotoka Agosti, na siku hiyohiyo Mtanzania likapewa siku 90 kwa habari zake. Kuhusu mishahara, hoja ya serikali ilikuwa kwamba waraka ule ni wa siri. Mwalimu aliyeko Nachingwea, ambaye waraka huo ulihusu mfuko wake mwenyewe, akawa ameambiwa kwa lugha ya sheria kuwa hakupaswa kuusoma gazetini.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ni kidogo. Hakuna askari aliyeuawa, hakuna jasusi aliyetajwa, hakuna adui aliyejifunza lolote la kumsaidia. Kilichokuwepo ni karatasi yenye muhuri. Ukikiondolea kelele za siku zile, unaona maswali mawili yaliyochanganywa hadi yakaonekana moja: je, karatasi hii imegongwa muhuri wa siri, na je, ikisomwa na watu kuna atakayeumia? Sheria za eneo letu huuliza la kwanza na kuliruka la pili. Na mjadala wetu wa uhuru wa habari nao una upofu wake. Tunamtetea mhariri, tunalilia gazeti lililofungiwa, lakini mtu aliyeitoa karatasi ofisini hatumtaji, na mara nyingi yeye ndiye anayelipa.

Mantiki ya muhuri tuliirithi. Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Siri za Serikali mwezi Agosti 1911, katikati ya hofu ya wapelelezi wa Kijerumani, na wabunge waliimaliza kwa chini ya saa moja. Kifungu chake cha pili kilimfanya mhalifu mtumishi yeyote aliyetoa bila ruhusa taarifa yoyote aliyoipata kazini. Waingereza wenyewe walikuwa wakitania kwamba hata idadi ya vikombe vya chai vinavyonywewa wizarani ni siri ya dola. Mwaka 1985 Clive Ponting, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, alipandishwa kizimbani kwa kumpa mbunge nyaraka kuhusu kuzamishwa kwa meli ya Argentina, General Belgrano, katika vita vya Falklands. Jaji aliliongoza baraza la wazee wa mahakama kuelekea hatia, nalo likamwachia huru. Serikali ikajibu kwa kuibadili sheria mwaka 1989: ikakifuta kile kifungu kipana, ila ikahakikisha kwamba mtumishi hawezi tena kujitetea kwa kusema alitenda kwa maslahi ya umma. Walipunguza idadi ya siri na kuufunga mlango alikotokea Ponting.

Kwetu hata hatua hiyo ya nusu haikuchukuliwa kwa wakati. Kenya ilitunga Sheria yake ya Siri za Serikali mwaka 1968. Tanzania iliiweka kando ya mkoloni na kutunga Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, ambayo ndani yake jambo la siri ni lile ambalo ofisa mwenye mamlaka amelitangaza kuwa la siri. Siri ni siri kwa sababu mkubwa amesema hivyo. Hata Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, iliyopokelewa kama dirisha jipya, inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa na kuipa ofisi siku 30 za kujibu, kisha inamtishia kifungo cha miaka mitatu hadi mitano yule atakayetoa taarifa iliyozuiwa.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Serikalini kata ni karani: mtu wa masijala, mhasibu msaidizi, dereva. Hana cheo cha kumlinda wala rafiki balozini.

Mfano ulio wazi kuliko yote niujuao ni wa David Munyakei. Aliajiriwa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika idara iliyoshughulikia madai ya fidia kwa wasafirishaji wa bidhaa nje. Mbele yake zikapita karatasi za kampuni ya Goldenberg International. Serikali ilikuwa imeikubalia kampuni hiyo malipo ya ziada ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi ilizodai kuuza nje. Kenya haina migodi ya almasi, na dhahabu yake wakati ule ilikuwa ndogo mno kulingana na madai yale. Karani akaona malipo yakitoka kwa kasi ambayo haikuingia akilini, akauliza, hakujibiwa. Akatoa nakala, zikawafikia wanasiasa wa upinzani, na mwaka 1993 suala likalipuka bungeni.

Munyakei akakamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Siri za Serikali. Mashtaka hayakufika mbali na aliachiwa, lakini kazi hakurudishiwa. Akaenda pwani, Mombasa, akasilimu, akaishi kwa vibarua. Kilichofuata kwa upande wa pili wa meza tunakijua: kesi zilizokwenda na kurudi kwa miaka, tume chini ya Jaji Samuel Bosire iliyoanza kazi mwaka 2003 baada ya serikali kubadilika, mashahidi, vichwa vya habari, na mabilioni ya shilingi ambayo walipakodi hawakuyaona tena. Mwaka 2004 Munyakei alitunukiwa na Transparency International tuzo ya uadilifu. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini. Serikali mpya, iliyoingia madarakani kwa kauli ya kupambana na ufisadi, haikupata nafasi ya kumrudisha ofisini mtu aliyeufichua.

Mlinganishe na John Githongo. Huyu alikuwa katibu mkuu wa maadili na utawala bora ndani ya Ikulu ya Mwai Kibaki. Alipogundua mikataba hewa ya Anglo Leasing aliwarekodi mawaziri kwa siri, akajiuzulu Februari 2005 akiwa London, na Januari mwaka uliofuata taarifa yake ikachapishwa magazetini Nairobi. Naye alikuwa amekula kiapo cha kutunza siri, na wapo waliomwita msaliti. Aliteseka, sitaki kulipunguza hilo. Ila alikuwa na pasipoti, jina, marafiki wa ng'ambo na mwandishi Michela Wrong aliyemwandikia kitabu kilichosomwa dunia nzima. Wote wawili walifanya jambo lilelile kisheria. Kilichowatofautisha ni ngazi waliyosimama.

Na ngazi hiyo ndiyo inayofichua unafiki mkubwa wa jambo hili, kwa sababu wakubwa nao huvujisha. Huvujisha kila wiki. Waziri anayetaka kumwangusha mwenzake humwita mwandishi pembeni na kumpa barua. Ofisa wa usalama hutoa faili ili mshindani asipate uteuzi. Mhariri yeyote aliyekaa mezani kwa miaka michache ameshika bahasha ya kaki ambayo hakuwa na shaka ilitoka juu. Sijawahi kusikia waziri wa Afrika Mashariki akifungwa kwa kosa hilo.

Uganda, Mei 2013, ilitoa somo hili kwa sauti kubwa. Daily Monitor liliandika habari ya barua ya siri ya Jenerali David Sejusa, aliyekuwa mratibu wa idara za ujasusi, kwa mkuu wa shirika la usalama wa ndani. Barua ilitaka uchunguzi wa madai kwamba kulikuwa na njama ya kuwaua viongozi waliopinga mwana wa Rais Yoweri Museveni, Muhoozi Kainerugaba, kuandaliwa kumrithi baba yake. Mei 20 polisi wakaizingira Monitor na gazeti la Red Pepper, wakafunga na redio mbili zilizokuwa chini ya paa moja na Monitor. Walikaa humo siku kumi na zaidi, wakitafuta karatasi na jina la aliyeileta. Sheria ya Uganda ya vyombo vya habari inasema mwandishi halazimiki kutaja chanzo chake isipokuwa chanzo kikiridhia au mahakama ikiamuru. Mitambo ya kuchapa ilizimwa hata hivyo.

Lakini usomaji wa kisa cha Sejusa kama hadithi ya jenerali mwema na serikali mbaya ni wa juujuu. Jenerali alikuwa mchezaji katika mchezo wa madaraka, na aliyeivujisha barua alikuwa na sababu zake. Je, hilo linaifanya habari isichapishwe? Sioni hivyo. Nia ya mtoa karatasi ni jambo la mhariri kulichunguza na kumweleza msomaji kadiri inavyowezekana bila kumtaja mtu. Haiwezi kuwa kipimo cha ukweli wa karatasi. Ripoti ya kampuni ya Kroll, iliyoagizwa na serikali ya Kibaki kufuatilia mali zilizodaiwa kufichwa nje na watu wa karibu na Daniel arap Moi, ilikaa kabatini tangu 2004. Ilifika WikiLeaks na kutoka katika gazeti la Guardian la Uingereza Agosti 31, 2007, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu wa Kenya. Wakati ule haukuja kwa bahati, mtu alihesabu kalenda. Hata hivyo Wakenya walikuwa wamelipia ripoti ile kwa kodi zao na hawakuwa wameonyeshwa. Cha kuchunga ni jambo jingine: ripoti ya wapelelezi si hukumu, na waliotajwa humo hawakuwa wamesikilizwa na mahakama yoyote. Gazeti linaloichapa bila kusema hivyo limewakosea watu hao hata kama limeikosoa serikali sawasawa.

Hapo tunafika kwenye mipaka, na mipaka ipo. Anayesema kila karatasi ya serikali itoke hajawahi kufikiria shahidi. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya wa 2007, iliyaweka majina ya watuhumiwa wakuu katika bahasha iliyofungwa na kumkabidhi Kofi Annan, ambaye Julai 2009 aliipeleka kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Nchi nzima ilitaka kuichungulia bahasha ile. Kutoichungulia ilikuwa sahihi. Kesi zilipoanza The Hague, shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka katika kesi ya William Ruto alitajwa mitandaoni siku alipoketi kizimbani huku sura yake imefichwa, na majaji wakalazimika kutoa onyo. Kesi ile ilikufa mwaka 2016, na kuingiliwa kwa mashahidi kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa na majaji. Na kabla ya hapo, askari mmoja wa Kenya aliyetoa ushahidi kwa tume ya haki za binadamu kuhusu mauaji yaliyofanywa na polisi alipigwa risasi na kufa mwaka 2008. Machi 2009 wanaharakati Oscar Kamau Kingara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya taarifa za mauaji hayohayo, waliuawa katika barabara ya Nairobi jioni. Jina la mtoa ushahidi ni siri ya kweli. Ina mtu nyuma yake.

Jeshi nalo lina siri zake: mahali kikosi kilipo, njia itakayopita kesho, uwezo wa silaha fulani. Hakuna mhariri mwenye akili anayegombania hizo. Ugomvi huanza pale pazia hilohilo linapotumika kufunika jambo lililokwisha. Januari 15, 2016 Al-Shabaab waliivamia kambi ya majeshi ya Kenya huko El Adde, Somalia. Serikali haikutoa idadi kamili ya waliouawa. Vyombo vya nje vilihesabu na kufikia watu zaidi ya 140. Familia zilizika, makaburi yalionekana vijijini, na adui ndiye aliyekuwa uwanjani akihesabu maiti. Idadi ile ilifichwa dhidi ya nani, basi? Si dhidi ya Al-Shabaab.

Kuna msaada kwenye mahakama, ingawa huchelewa. Februari 2015 Mahakama Kuu ya Kenya ilifuta vifungu kadhaa vya sheria ya usalama iliyopitishwa bungeni katikati ya vurugu Desemba 2014, vikiwemo vya kuzuia uchapishaji wa habari za ugaidi. Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, Machi 2019 iliona kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Mwaka mmoja kabla, mahakama hiyo iliamuru gazeti la Mseto, lililofungiwa miaka mitatu mwaka 2016, liruhusiwe kurudi mitaani. Leseni ya Mseto ilirejeshwa Februari 2022, pamoja na za MwanaHALISI, Mawio na Tanzania Daima. Haki iliyochukua miaka mitano na nusu kwa gazeti la wiki ni haki ya kwenye karatasi. Waandishi walishatafuta kazi kwingine.

Mtu ataniuliza: si Marekani walikwishalimaliza hili? Hawakulimaliza. Juni 1971 New York Times lilianza kuchapa historia ya siri ya vita vya Vietnam iliyotolewa na Daniel Ellsberg. Serikali ya Richard Nixon ikaomba mahakama isimamishe, na Juni 30 Mahakama ya Juu, kwa kura sita dhidi ya tatu, ikakataa. Hukumu hiyo husifiwa kote. Lakini ililinda gazeti lisizuiwe kabla ya kuchapa, haikumlinda Ellsberg. Yeye alikabiliwa na mashtaka ambayo yangeweza kumfunga miaka 115, na alipona mwaka 1973 kwa sababu watu wa Nixon walivunja ofisi ya daktari wake wa akili na kesi ikachafuka. Chelsea Manning, aliyeipa WikiLeaks nyaraka za jeshi na ubalozi, alihukumiwa miaka 35 mwaka 2013 kabla Barack Obama hajampunguzia. Sheria ya Ujasusi iliyotumika dhidi ya wote wawili ni ya 1917, na haimruhusu mshtakiwa kujitetea kwa maslahi ya umma. Tofauti na kwetu ni kwamba kule gazeti hubaki wazi. Karani huko nako huenda jela.

Ndiyo maana siamini kwamba kuongeza vifungu vya kulinda magazeti peke yake kutatufikisha mbali. Serikali zimejifunza. Ukifungia gazeti, dunia inapiga kelele. Ukimkamata mtunza kumbukumbu wa wizara, hakuna anayejua. Na ukimkamata mwandishi, lengo huwa ni kumfikia mtunza kumbukumbu. Novemba 2015 mwandishi wa bunge wa Daily Nation alikamatwa katika viwanja vya bunge Nairobi baada ya gazeti lake kuandika kuhusu shilingi bilioni 3.8 za Wizara ya Usalama wa Ndani zilizodaiwa kutumika siku moja. Walichotaka ni jina la chanzo. Desemba 2016 Maxence Melo wa Jamii Forums alikamatwa Dar es Salaam baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji walioandika humo. Swali katika vyumba vyote hivyo ni moja: nani kakupa?

Upo pia upande wa usiri kuzaa uvujaji, ambao serikali hazipendi kuusikia. Mikataba ya mkopo wa China kwa reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilisainiwa mwaka 2014 na kufungiwa. Mwishoni mwa 2018 barua ya wakaguzi ilivuja, ikawasha hofu kwamba Bandari ya Mombasa imewekwa rehani. Serikali ikakanusha, China ikakanusha, na hakuna aliyewaamini, kwa kuwa mkataba wenyewe haukuonekana. Wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, wakashinda Mei 2022, na Novemba mwaka huo waziri mpya wa uchukuzi, Kipchumba Murkomen, akatoa baadhi ya mikataba hadharani. Kenya haikuanguka, China haikuvunja uhusiano. Kilichobadilika ni kwamba wachumi na wanasheria walianza kubishana juu ya vifungu halisi badala ya kubishana juu ya uvumi. Serikali iliyokaa miaka minane juu ya mkataba ule ndiyo iliyoutengenezea soko uvumi.

Dawa ya kisheria inajulikana. Tamko la Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu la 2019 linataka anayefichua kwa maslahi ya umma asiadhibiwe, na linataka vyanzo vya waandishi vilindwe. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, na Uganda ina yake ya 2010. Kasoro yao ni moja: zinamlinda anayekwenda kwa mamlaka. Mtu anaambiwa apeleke habari za wizi kwa wakubwa wa ofisi au kwa taasisi ya serikali, na akienda kwa mwandishi amejivua kinga. Munyakei aliwauliza wakubwa kwanza. Kenya, iliyowatoa yeye na Githongo, imezungusha miswada ya kuwalinda wafichuaji kwa zaidi ya muongo mmoja. Kifungu kinachohitajika ni kifupi: mtumishi aliyeripoti ndani na kupuuzwa, au mwenye sababu ya kuamini kuwa ushahidi utaharibiwa, alindwe anapokwenda kwa chombo cha habari, na serikali ndiyo ibebe mzigo wa kumthibitishia jaji kwamba kuna madhara halisi.

Wahariri nao wasijifiche nyuma ya ubaya wa sheria. Mwaka 2017 mtandao wa habari wa The Intercept ulipata hati ya siri ya shirika la ujasusi la Marekani, ukawapelekea maofisa wa serikali nakala ili wathibitishe. Mikunjo iliyoonekana kwenye nakala hiyo iliwaonyesha wapelelezi kuwa hati ilichapwa na kutolewa nje kwa mkono. Walioichapa ofisini walikuwa sita, na mmoja wao, Reality Winner, alikuwa amewahi kuuandikia mtandao huo barua pepe. Alihukumiwa miezi 63. Katika vyumba vyetu vya habari bado tunachapa picha ya ukurasa mzima, na muhuri, na saini, na maandishi ya kalamu pembeni, ili msomaji aone kwamba tunayo kweli. Tunajisifu kwa mgongo wa mtu mwingine. Hati inaweza kunukuliwa bila kupigwa picha, na nakala iliyopitia mikono ya watu sita haipaswi kuonyeshwa kwa yeyote.

Kwako msomaji nina ombi. Siku nyingine ukisikia gazeti limefungiwa kwa kuchapa waraka wa siri, usiishie kuuliza litarudi lini. Uliza waraka ulisema nini na nani ameumia kwa kusomwa kwake. Kisha uliza habari za yule mtu wa masijala: kama bado yuko kazini, na kama hayuko, nani anamlipia wakili.